Bustani ya Nyumbani Malindi na Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuchagua Mimea ya Joto na Unyevu

Maswali haya yanawahusu wenye bustani ndogo za nyumbani kuanzia Watamu hadi Mambrui, na visiwani Lamu. Vipimo vimewekwa kwa lita, sentimita na vijiko ili mtu aweze kuvifuata bila mashine.

Mbegu ileile iliyozaa vizuri bara, kwa nini haizai huku pwani?

Wengi hulilaumu jua la mchana, lakini tatizo kubwa ni usiku. Mchana mmea hutengeneza chakula chake kwa mwanga, na usiku hupumua na kukitumia. Kule Limuru au Nyeri usiku ni wa baridi, kwa hiyo mmea hutumia kidogo na kinachobaki huenda kwenye kichwa cha kabichi, kiazi au tunda. Malindi, mwezi wa Machi, usiku hubaki kwenye nyuzi 24 au 25. Mmea unakitumia chakula chake mwenyewe hadi alfajiri, na asubuhi umebakiwa na kidogo cha kujengea.

Jambo la pili ni unyevu wa hewa. Majani yanayokesha na umande hualika ukungu na bakteria. La tatu husahauliwa kabisa: urefu wa mchana. Malindi ipo takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, hivyo mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Mimea inayongoja mchana mrefu wa kiangazi cha Ulaya itangoja bila mwisho.

Kwa hiyo, kabla ya kununua pakiti, iache picha na uulize mambo matatu: mmea huu unavumilia usiku wa joto? Unastahimili magonjwa ya majani yanayokesha na maji? Unahitaji mchana mrefu? Duka la pembejeo likishindwa kukujibu, nunua pakiti moja tu ya majaribio.

Nipande lini? Maelekezo ya pakiti yanataja majira ambayo huku hatuna.

Fuata pepo. Kaskazi huvuma Disemba hadi Machi: joto kali, mvua haba, na utitiri mwekundu hustawi kwenye majani makavu yenye vumbi. Huu ni wakati wa bamia, kunde, biringani, tikiti na mimea mingine inayopenda joto, mradi una maji.

Masika huanza Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Panda miti, mihogo, marando ya viazi vitamu na mbaazi. Usipande tungule (nyanya) wala pilipili hoho uwanjani, kwa sababu matone ya mvua hurusha udongo wenye vimelea hadi kwenye majani ya chini.

Kusi likishatulia katika mvua ndogondogo, yaani kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba, ndipo usiku hushuka hadi kama nyuzi 21 au 22. Hiyo ndiyo baridi yetu. Kila mboga iliyozoea bara, kuanzia tungule, sukuma wiki, kabichi, karoti, vitunguu hadi dania, ipewe miezi hii na isipewe mingine. Vuli, kuanzia Oktoba, ni nafasi ya pili ya mboga za majani za asili na matango.

Tungule zangu zinachanua vizuri kisha maua yanadondoka yote. Nimekosea wapi?

Umekosea mwezi. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 24 hivi, au mchana ukipita 32, chavua hufa au hushindwa kuota, na ua lisilochavushwa hukauka kwenye kikonyo na kuanguka. Kuongeza mbolea huharibu zaidi, maana mmea hujaa majani na kusahau matunda.

Hesabu kurudi nyuma. Unataka maua yatoke Agosti. Sia mbegu kitaluni wiki ya mwisho ya Mei, chini ya paa la nailoni linalozuia mvua lakini lililo wazi pembeni. Hamisha miche baada ya wiki nne hadi tano, ikiwa na majani manne au matano. Weka nafasi ya sentimita 60 kati ya mmea na mmea na 90 kati ya mistari. Nafasi hii ni kubwa kuliko ya bara kwa makusudi, ili upepo upite na kukausha majani. Ukiona miche yako imebanana, ng'oa mmoja katika kila mitatu bila huruma.

Kama huwezi kungoja kusi, panda tungule ndogo za vishada. Hushika matunda kwenye joto ambalo tungule kubwa haziwezi. Tikisa vijiti vya kushikilia mimea kila asubuhi kati ya saa mbili na saa nne, wakati chavua bado ni kavu na hai. Kwa aina yoyote, hakikisha pakiti imeandikwa kwamba inastahimili virusi vya kukunjamana kwa majani ya manjano, vinavyoenezwa na nzi weupe. Mmea ukishaambukizwa hauna dawa, utoe.

Kitako cha tunda kikiwa cheusi na kikavu, huo si ugonjwa wa kuambukiza. Ni maji ya kusitasita, leo mengi na kesho hakuna, kiasi kwamba kalisi haifiki kwenye tunda. Mwagilia kwa kiasi kilekile kila siku.

Mmea ulikuwa mzima asubuhi, jioni umenyauka ukiwa kijani. Ni kiu?

Kama udongo ni mbichi, si kiu. Kuna wawili wa kushukiwa, na kila mmoja anapimwa kwa njia yake.

Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa sentimita 5. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache, ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka mahali palipokatwa, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, uutoe bustanini na kuuchoma. Usiuweke kwenye mboji. Hapo usipande tena tungule, biringani, pilipili wala mnavu, kwa sababu zote ni ukoo mmoja na bakteria hukaa udongoni miaka mingi. Panda mahindi, bamia au mchicha. Anayetaka tungule mahali hapohapo atafute miche iliyobebeshwa juu ya shina la biringani linalostahimili ugonjwa huo. Wakati wa kuipanda, kiungo kibaki juu ya udongo, la sivyo tungule itatoa mizizi yake na faida yote ipotee.

Kama glasi ni safi, tazama mizizi. Vinundu vilivyovimba ndani ya mzizi wenyewe, visivyobanduka ukivikwangua kwa ukucha, ni kazi ya minyoo fundo, ambayo hupenda sana mchanga wetu wa joto. Usichanganye na vinundu vya kunde: hivyo viko pembeni mwa mzizi, hubanduka kirahisi na ndani ni vya rangi ya waridi, tena ni neema kwa udongo. Dhidi ya minyoo fundo, panda marejea (krotalaria) au bangi mwitu (marigoldi) yenye maua ya rangi ya machungwa kwa miezi mitatu kwenye eneo zima, kisha ichimbie humohumo. Mistari miwili ya maua pembeni haitoshi.

Sukuma, kabichi na letasi zinateseka. Nile mboga gani kaskazi yote?

Hapa pwani ina utajiri ambao bara hawana, na inasikitisha kuona tuta la kabichi zinazokufa kando ya ua ambao mchicha unajiotea wenyewe.

Mchicha usie kwenye mistari ya sentimita 25, mbegu ukizichanganya na mchanga mkavu kwa sababu ni ndogo mno. Wiki ya tatu hadi ya nne unaanza kukata, ukiacha sentimita 10 za shina ili uchipue. Ukitoa ua, majani huwa magumu, kata kabla. Nderema, yenye majani mazito yanayoteleza, ndiyo jibu la mwenye kutamani spinachi mwezi wa Februari: chomeka kipande cha shina cha sentimita 20, kipe kamba ya kupandia, nacho kitakula joto na unyevu kama kwao. Ongeza majani ya kunde, matembele, mnavu (upate jua la asubuhi na kivuli kidogo mchana), na kisamvu kinachotwangwa na kuchemshwa hadi kiive barabara.

Ile inayouzwa sokoni kwetu kwa jina la spinachi ni jamaa ya bitiruti, na hustahimili joto na hata chumvi kuliko inavyodhaniwa. Iwekee neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 40, mita 2 juu. Neti nzito zaidi ya hapo iache kwa kitalu, kwa sababu majani chini yake hayakauki na mimea hurefuka bila nguvu.

Kabichi ipandwe Juni au Julai tu, na iwe aina iliyotengenezewa joto, mfano KK Cross. Letasi isiyofunga kichwa inawezekana miezi hiyohiyo. Mbegu yake hugoma kuota udongo ukipita nyuzi 30, kwa hiyo isie jioni, kivulini, kwenye trei iliyopozwa kwa maji.

Viazi mbatata, karoti na vitunguu je?

Viazi mbatata achana navyo. Kiazi hakijengeki vizuri usiku ukipita nyuzi 20, nasi hatushuki hapo. Panda viazi vitamu au muhogo.

Karoti hukubali mchanga wetu kwa umbo, lakini joto huzifanya fupi na za rangi hafifu. Sia Juni, uvune kabla ya Oktoba.

Vitunguu vinawezekana kabisa, mradi ni aina za mchana mfupi kama Red Creole au Bombay Red. Aina za mchana mrefu zitakupa majani marefu mazuri na hakuna kichwa, hata ungezitia mbolea ya namna gani. Sia katikati ya Mei chini ya paa, hamisha mwanzo wa Julai kwa nafasi ya sentimita 10, uvune mwanzoni mwa Oktoba kabla vuli haijalowesha shingo za vitunguu. Shingo ikiingia maji, ghala lote litaoza.

Niinue tuta au nilizamishe?

Vitabu karibu vyote husema inua, kwa kuwa vimeandikwa kwa udongo wa mfinyanzi. Mchanga ulioinuliwa wakati wa kaskazi ni sawa na kupanda kwenye chujio. Kuanzia Disemba hadi Machi, zamisha tuta sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa ardhi, kingo zikiwa zimepigwa vizuri, ili maji na mboji vibaki ndani. Masika inapokaribia, jaza na uinue sentimita 15 hadi 20, hasa kwa papai, ambalo mizizi yake huoza likisimama kwenye maji siku mbili.

Tuta la mita 1 kwa 4 linataka debe mbili za mboji iliyoiva kila msimu. Juu tandaza nyasi kavu au majani ya unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina. Makumbi ya nazi ni matandazo bora, lakini yaloweke kwenye maji matamu na kuyamwaga mara mbili kwanza, maana mara nyingi yamebeba chumvi.

Maji: wakati wa kaskazi kila mita ya mraba hupoteza kama lita 5 au 6 kwa siku. Tuta hilo basi linakunywa jerikeni la lita 20 na zaidi kidogo. Ligawe mara mbili, alfajiri na alasiri, ukimwaga chini ya shina na si juu ya majani. Mbolea pia igawe. Badala ya gramu 10 za CAN (mbolea ya nitrojeni yenye kalisi) kwa mmea mara moja, weka kijiko cha chai kimoja kila wiki mbili, kwa sababu mchanga haushiki chakula. Yurea iliyomwagwa juu ya udongo wetu wenye chokaa huruka hewani kwa sehemu kubwa; kama ndiyo uliyo nayo, ifukie na umwagilie papo hapo.

Majani ya mndimu ni ya manjano lakini mishipa ni kijani.

Tazama kwanza ni majani yapi. Yakiwa ni machanga ya nchani, mti umekosa madini ya chuma. Chuma kimo udongoni, ila chokaa ya matumbawe imekifunga. Chukua kijiko cha udongo mkavu ukidondoshee siki. Ukitoa povu, chokaa ni nyingi.

Kutupa misumari yenye kutu shinani hakusaidii, kwa sababu kutu ndiyo hali ileile ambayo mizizi haiwezi kuinywa. Dukani uliza chuma kilichoandikwa EDDHA, kwani kile cha EDTA hupoteza nguvu kwenye udongo wa chokaa. Fuata kipimo cha lebo na umwage kwenye udongo uliolowa. Kwa bustani mpya juu ya jiwe la matumbawe, busara zaidi ni kuchagua wanaoishi hapo bila kulalamika: mkunazi, mkwaju, mstafeli, mkoma manga.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Nini kitaishi?

Chumvi huanza kuunguza ncha na kingo za majani makuukuu, tofauti na upungufu wa chuma. Maharagwe, karoti, vitunguu na pilipili ndizo za kwanza kushindwa. Tungule na matango hustahimili kiasi. Kunde, bitiruti na ile spinachi yetu hustahimili zaidi, na mnazi na mtende huzishinda zote.

Visiwani Lamu, kama ilivyo karibu na ufuo wowote, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari. Ukivuta mengi kwa pampu kwa mara moja, chumvi hupanda. Vuta kidogo, mara nyingi. Matuta ya mchanga ya Shela, kisiwani Lamu, ndiyo yanayohifadhi maji ya mji wa Lamu, kwa hiyo kisima cha bustani kisigeuzwe bomba lisilofungwa. Kusanya ya mvua: paa la mita 50 za mraba likipata milimita 20 za mvua hutoa karibu lita 1,000. Hayo yatumie kwa kitalu na miche, ambayo ndiyo dhaifu zaidi, na ya kisima yape mimea mikubwa. Mara moja kwa wiki mwagilia kwa wingi ili kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Kunyunyiza kidogokidogo kila siku huikusanya juu.

Samadi ya punda inafaa?

Inafaa sana, na Lamu haipungui. Kasoro yake ni kwamba punda hacheui, hivyo mbegu za magugu hupita tumboni zikiwa hai. Irundike kwa kimo cha mita 1 na upana wa mita 1, iwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, uifunike na kuigeuza kila wiki, ya nje iende ndani. Katikati ikipanda hadi nyuzi 55 au zaidi (mkono hauvumilii kukaa), mbegu nyingi hufa. Ipe miezi miwili. Ikianza kunukia ardhi badala ya zizi, iko tayari.

Kusi linaunguza kila kitu upande wa bahari.

Usijenge ukuta mtupu. Upepo huuruka na kuanguka upande wa pili kwa nguvu zaidi. Unataka kizuizi kinachopitisha sehemu ya upepo. Mstari wa mbele upande mivinje, mikungu au mkadi, nyuma yake mibogenvilia, kisha ndipo bustani. Baada ya siku ya mawimbi makubwa, osha majani ya mboga kwa maji matamu asubuhi. Mwarobaini hustahimili vyema, lakini hujizalia ovyo na kuingia vichakani, kwa hiyo ng'oa machipukizi.

Miti gani ya matunda nisipoteze pesa?

Tufaha, pichi na peasi zinahitaji mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7 ili vichipukizi viamke. Huku hazitapata hata moja. Muuzaji wa miche akikuahidi vingine, ondoka.

Mwembe ni wa kwetu. Ngowe, lenye ncha iliyopinda na nyama isiyo na nyuzi, na boribo ni chaguo la kwanza la uani. Embe la Apple ni tamu na lina soko, lakini maua yake hushikwa upesi na ukungu mweupe na madoa meusi, kwa hiyo linataka ulinzi. Acha mita 8 hadi 10, na kila baada ya mavuno kata matawi ya katikati hadi mwanga ugonge ardhi. Usiumwagilie mwembe mkubwa miezi inayotangulia maua, kwa kuwa ukavu ndio huuchochea kuchanua. Embe zilizoanguka ziokotwe kila siku, zifungwe kwenye mfuko mweusi juani au zifukiwe sentimita 50. Nzi vamizi wa matunda aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003 huanzia kwenye tunda lililoachwa chini.

Mparachichi wa Hass ni wa milimani. Chukua ule wa asili ya Karibi, wenye tunda kubwa la ngozi laini. Pasheni iwe ya manjano, si ya zambarau.

Mawaridi na lavenda haviwezekani?

Lavenda hapana, huoza mzizi masika ya kwanza. Waridi linawezekana kwa anayekubali kazi. Ugonjwa wa madoa meusi huhitaji jani libaki limelowa kwa muda wa saa saba hivi, kwa hiyo lipate jua la asubuhi linalokausha umande, nafasi ya mita 1 pande zote, na majani yaliyoanguka yaokotwe.

Lakini kama ni harufu unayotaka, mbona kuhangaika? Kilua, asumini, mlangilangi na mrihani viko nyumbani kwao, na jioni ya Malindi haikosi kitu navyo. Bogenvilia isiyochanua ipunguziwe maji na mbolea.

Nyasi gani?

Nyasi za Kikuyu ni za baridi. Panda nyasi za Pemba, vipande vyenye mizizi kila sentimita 15 hadi 20, mwanzo wa masika. Zinakubali chumvi na kivuli cha minazi. Zikate kwa kimo cha sentimita 5, zisinyolewe.

Nimenunua miche iliyosafirishwa kutoka bara. Niipande leo?

Hapana. Iweke chini ya neti ya asilimia 50 kwa siku tatu, kisha ipe jua la asubuhi hadi saa nne kwa siku nne, kisha siku tatu za jua kamili. Kagua mizizi ya mche mmoja uone kama ina vinundu. Ukiviona, rudisha trei nzima. Panda jioni kuanzia saa kumi na moja, mwagilia shimo kabla na baada ya kupanda, na umwekee kila mche kipande cha kuti upande wa magharibi kwa wiki ya kwanza.